Kifuniko cha Bakuli la Kifaransa

Mama yangu ana kabati la vioo lililotengenezwa kwa mbao za mninga, na ukitaka kumjua mama yangu mtazame anavyolifuta. Anaanza na miguu ya kabati, anapanda polepole, na akifika kwenye vioo hataki mtu amsemeshe. Ndani mna vyombo vya kauri kutoka Ufaransa: sahani bapa kumi na mbili, sahani za shimo kumi na mbili, vikombe vidogo visivyo na mkono, chombo cha mchuzi chenye mdomo wa kumiminia, na kwenye rafu ya juu kabisa, peke yake, bakuli kubwa la supu lenye masikio mawili na kifuniko. Nyumba yenyewe iko kijijini, kwenye mgongo wa mlima usio mbali na Litembo, kahawa mbele, mashamba ya ngolo nyuma. Mvua ikinyesha mfululizo ukungu huingia mpaka sebuleni, lakini kabati halijawahi kupata unyevu.

Vyombo hivyo ni vyeupe, ila si weupe wa sahani za dukani. Pembeni vimezungushiwa uzi mwembamba wa dhahabu, na maua madogo ya buluu yametawanyika hapa na pale bila mpangilio. Mgeni akibisha kwamba sahani ni sahani tu, mama huchukua moja, huiinua dirishani na kumwambia atazame kivuli cha vidole upande wa pili. Kisha huigonga kwa kucha. Hulia kwa sauti nyembamba inayochukua muda kuisha, na mama hungoja mpaka iishe ndipo airudishe. Chini kuna muhuri wa kijani wenye neno Limoges, ambalo mama hulisoma kwa herufi zake zote bila kuacha hata moja. Sijawahi kumsahihisha. Kwetu mama hasahihishwi, na habari yote ninayotaka kusimulia ilitokana na hilo.

Vyombo hivi viliachwa na mama mmoja wa Kifaransa aliyekaa kijijini kwetu miaka kadhaa akifundisha wasichana kushona. Mimi ni mmoja wa wasichana hao. Leo nina cherehani tatu Mbinga mjini na nashona mapazia ya nusu ya wilaya, unisamehe majigambo. Yule mama alipanga nyumba jirani na yetu. Mama yangu ndiye aliyemfundisha kuwasha kuni mbichi, kusalimia kwa Kimatengo, na hata kulima ngolo, ile kazi yetu ya kupanga nyasi miraba miraba mlimani, kuzifukia kwa udongo na kuacha shimo katikati ili maji ya mvua yasishuke na shamba. Ngolo za yule mama zilichekesha. Mvua ya kwanza ilizibeba zote hadi bondeni, na mama yangu akazilima upya bila kumwambia.

Sanduku la vyombo alitumiwa na ndugu zake kutoka kwao. Vilikuwa vya bibi yake. Alilifungua mara moja, akatazama, akalifunga na kulisukuma chini ya kitanda, na miaka yote ile aliendelea kula ugali kwenye sahani ya plastiki kama sisi. Siku alipoondoka alisema hawezi kulirudisha sanduku hilo Ulaya, akampa mama, wakalia wote wawili. Ziliwahi kuja barua mbili tatu, halafu habari zake zikakatika.

Nilikuwepo tulipolifungua. Kila chombo kilikuwa kimefungwa kwa gazeti, na wakati mama anatoa vyombo, mimi nilikuwa nayanyoosha magazeti ili nitazame picha za viatu. Hapakuwa na mtu wa kutueleza kipi ni cha nini. Vile vikombe vidogo tuliamua ni vya kahawa ya wageni, na paroko alipotutembelea alinywea kimoja kwa heshima zote, akaomba kuongezwa mara nne. Baadaye sana nilijua kwamba ni vya kukalishia yai la kuchemsha. Chombo cha mchuzi kilikuwa kimeungana na kisahani chake, na mama, akidhani kimeganda kwa ajili ya safari, alikiloweka kwenye maji ya moto asubuhi nzima akijaribu kukibandua.

Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, viti vina vitambaa mpaka mgongoni. Bakuli la supu nililitengenezea kofia siku ileile: kitambaa cheupe cha kufuma, chenye mpira kuzunguka ukingo, kikakaa juu ya kifuniko kama kilizaliwa nacho. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kujivunia. Bakuli likapandishwa rafu ya juu, na kwa kuwa pale juu halifikiki bila stuli, na kwa kuwa chini ya kofia yangu halikuingia vumbi, hakuna aliyekiona tena kifuniko chenyewe kwa miaka.

Sasa nieleze desturi yetu moja. Kijijini hakuna mtu mwenye vyombo vya kutosha shughuli, na hakuna shughuli iliyowahi kukosa vyombo. Kila mwanamke huazima na kuazimwa. Chini ya sahani yake kila mmoja ana alama yake ya rangi ya kucha, huyu nukta tatu, yule msalaba. Vyombo vikirudi, mwenye navyo huvipokea mbele ya wenzake, hugonga kimoja kimoja na kutega sikio asikie kama kuna ufa. Hakuna anayekasirika kukaguliwa. Ndiyo maana tunaaminiana.

Mama ana mdogo wake mmoja tu, mama yangu mdogo. Aliolewa ziwani, kwenye kijiji cha ufukweni karibu na Mbamba Bay, na huko mama mkwe wake akamfundisha ufinyanzi. Leo vyungu vyake hupikia maharage hadi huku milimani. Mama humsifu sana akiwa hayupo. Akiwepo, mama husema na mama mdogo husikia. Ndivyo walivyoishi tangu wakiwa watoto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mama alimwambia mara nyingi, na mama mdogo aliichunga miguu yake.

Binti yake alipopata mchumba kutoka Songea, ikapangwa siku ya wakwe kuja kujitambulisha. Mama mdogo alipiga simu akaomba aazimwe bakuli la Kifaransa, awaandalie wakwe supu ya mbasa, samaki mwenye heshima kuliko wote wa Ziwa Nyasa. Nadhani hakuwahi kumwomba mama kitu kikubwa kabla ya hapo. Mama alikubali, jambo lililonishangaza hata mimi. Kwenda hakuweza, maana kahawa ilikuwa imeiva na kahawa haingoji, na mimi nilikuwa naye shambani nikichuma. Bakuli lilishushwa lilivyo, na kofia yake, likafungwa ndani ya blanketi na kuteremka ziwani.

Wakwe walikula, wakasifu, wakakubali. Wiki mbili baadaye mama mdogo alipanda mlima kulirudisha mwenyewe, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi alileta na debe la usipa, dagaa wa ziwani, na chungu kipya. Ilikuwa Jumapili, na akina mama wa jumuiya walikuwa kwetu baada ya sala. Kofia yangu alikuwa ameifua, akaipiga wanga na kuikunja pembeni. Mama aligonga bakuli, likalia vizuri. Akanyanyua kifuniko, akakigeuza. Kwenye ukingo wake kulikuwa na pengo, upana wa vidole viwili.

Mama alilipitisha kidole. Lilikuwa laini, na uzi wa dhahabu ulizunguka hadi ndani ya pengo. Mtu mwingine angesema, basi ndivyo lilivyotengenezwa. Lakini mdogo wake ni mfinyanzi, na mfinyanzi hulainisha midomo ya vyungu kwa kokoto kila siku ya maisha yake. Rangi ya dhahabu nayo inauzwa Mbinga, wanaopamba masanduku ya maiti huinunua. Mama alijumlisha haya yote hapo hapo, mbele ya watu, akasema kwamba kifuniko kimevunjwa, kikasuguliwa, kikapakwa rangi.

Mama mdogo hakupandisha sauti. Alisema, "Dada, hili pengo si la kuvunjika. Lilikatwa udongo ukiwa mbichi, ndipo likachomwa. Tazama, ule utelezi wa juu unaong'aa umeingia mpaka ndani."

Mama akamwambia asimfundishe vyombo vya Ulaya, yeye afinyange vyungu vyake vya maharage. Halafu akanigeukia mimi. Aliniuliza kama siku ya kufungua sanduku niliona pengo. Nilisema sikuona. Na kweli sikuona, nilikuwa natazama viatu kwenye gazeti. Lakini hilo sikulisema. Isitoshe, kila anayevunja chombo husema alikikuta hivyo hivyo. Wote pale tuliuchukua utetezi wa mama mdogo kwa uzito huo.

Alisimama bila kugusa chai. Alisema kwamba hatakanyaga tena uwanja ule mpaka dada yake aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba yeye hakukivunja. Akashuka njia ya miguu, na akina mama wa jumuiya wakaanza kuusifu usipa kwa pamoja.

Ugomvi ule ulichukua miaka minane. Sikutegemea. Waswahili wana usemi kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nilichukua jembe, nikalima, nikavuna, nikalima tena. Binti alipoolewa mama alikwenda, akakaa safu ya mbele, akatoa zawadi nzuri, na dada hawa wawili walipeana mikono kama wajumbe wa mkutano. Watu waliwaambia yaliyopita si ndwele. Mama mdogo alijibu kwamba ndwele anayo yeye, kwa hiyo anajua kama imepita. Mama kwa upande wake alisema amemsamehe zamani, na alilisema mara nyingi, na kila aliposema mambo yaliharibika zaidi, kwa sababu mama mdogo hakuwa ameomba msamaha.

Mimi niliumia. Wote wawili wana mvi sasa, na mama huchoka akipanda kutoka kisimani. Jumapili jioni, muda ambao zamani alikuwa akimpigia mdogo wake simu, alikuwa akiishika simu, anaifuta kwa kanga, anairudisha mezani. Niliogopa mmoja wao angeondoka duniani jambo likiwa vile vile, kwa ajili ya kipande cha kauri chenye upana wa vidole viwili.

Mwaka jana nikapata wazo ambalo kwangu lilionekana la kisomi: nitafute kifuniko kingine kinachofanana. Kikipatikana kizima, nilijiambia, kesi itakosa ushahidi. Nilimwambia mama kwamba mpira wa ile kofia umelegea, na kwamba nitahitaji kifuniko kwa ajili ya kipimo. Akanifungia kwa kanga mbili na ya tatu juu yake, akaniambia dereva wa bodaboda asizidishe mwendo. Nilikipeleka Mbinga kwa mzee mmoja mwenye duka la vyombo. Ni mtu mwenye asili ya Pwani. Familia yao imeuza vyombo hapa tangu mji ukiwa na mtaa mmoja, na akina mama wa milimani husema kwamba asichokuwa nacho yeye hakipo.

Nilimwamkia, akaitikia, akafungua kanga moja moja. Kauri ilipotokea akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikipeleka mlangoni kwenye mwanga, akatazama kivuli cha vidole vyake bila mtu kumwelekeza. Akauliza nataka kingine cha nini. Nikamwonyesha pengo, nikamwambia hiki kimevunjika.

Mzee akanyoosha mkono akachukua upawa uliokuwa unaning'inia kwenye msumari, akauweka ndani ya bakuli la bati, akafunika kwa kile kifuniko. Mpini ukalala ndani ya pengo, kifuniko kikatulia bila kucheza.

"Binti yangu," alisema, "hapa ni mlango wa upawa. Bila hapa utaachaje upawa ndani na supu isipoe?"

Alisema nyumbani kwa bibi yake huko Pwani lilikuwepo bakuli la namna hiyo, na kila mtoto alijua. Kama kunikomoa, akafungua katoni akatoa bakuli jingine la supu, la Kichina, la rangi ya waridi, baya kabisa, na kifuniko chake kilikuwa na pengo pale pale. Nilikaa juu ya katoni ya vikombe bila kuombwa. Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa anapima masufuria akaacha kupima. Mama yangu alikuwa amemfungulia mdogo wake kesi ya mlango wa upawa. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu nilimwona mama mdogo amesimama pale sebuleni, usipa pembeni yake, akisema neno moja la kweli mbele ya wanawake kumi, na mimi nikimkatalia. Niliona aibu iliyonishuka mpaka miguuni.

Nilipanda kijijini kesho yake. Nilikuwa nimebeba upawa, nikamfanyia mama kama mzee alivyonifanyia mimi, kwa bakuli lake mwenyewe. Alitazama mpini ulivyolala. Akautoa, akaurudisha. Akautoa tena. Kwanza aliwalaumu Wafaransa. Alitaka kujua ni watu wa akili gani wanaotengeneza kifuniko halafu wanakitoboa, na kwa nini yule mama hakusema, na kwa nini hawakuweka upawa ndani ya sanduku kama watu wengine. Nikasubiri. Alipomaliza na Ufaransa alitoka nje akaenda kupalilia kahawa, na nilimwona dirishani akipalilia mstari uleule mara mbili.

Siku tatu alitafuta njia ya kupitia pembeni. Alipendekeza nipige simu mimi. Alipendekeza tutume gunia la maharage, ambalo kwa maoni yake lingejieleza lenyewe. Alipendekeza padri. Nilikataa yote, maana sharti la mama mdogo lilikuwa la kinywa chake, na sharti hilo hata mtoto wa shule analielewa. Mama akasema mkubwa hamfuati mdogo kumwomba radhi, haijapata kuonekana. Hapo hasira zangu, ambazo nimezirithi kwake bila kupunguziwa, zikapanda. Nilimwambia kwamba mimi nakwenda ziwani Jumamosi, aje asije, kwa sababu nilitoa ushahidi nisiokuwa nao na nataka kuufuta.

Akaniuliza kama nakusudia kubeba kifuniko. Nikasema ndiyo. Akasema kifuniko ni chake na hakiwezi kusafiri bila mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi tulishuka. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni ya lami, inajipindapinda milimani mpaka ghafla ziwa linatokea chini, buluu, na milima ya ng'ambo nyuma yake. Mama hakulitazama. Alikuwa amepakata kifuniko, kimefungwa kama kilivyostahili, na mama wa siti ya pili alimuuliza kwa upole kama kuku wake hapati hewa. Mama akamjibu kwamba kuku huyu amezoea. Nilimuuliza mbona hakubeba bakuli pia. Alisema bakuli halikushtakiwa.

Tulimkuta mama mdogo ufukweni, nyuma ya nyumba yake, anachoma vyungu. Kuchoma vyungu hakuna kusimama kupokea wageni. Vyungu hupangwa juu ya kuni, vikafunikwa kwa nyasi na magome, na moto ukishakolea mfinyanzi hauachi, maana upepo ukigeuka upande mmoja huiva na mwingine hupasuka. Alituona tangu mbali. Akaitikia shikamoo yangu, akamwamkia dada yake, akarudi kwenye moto. Walikuwepo wafinyanzi wenzake wanne, kila mmoja na vyungu vyake ndani ya moto uleule, na wao pia hawakuweza kuondoka, hata kama walitamani, na sidhani walitamani.

Nilianza mimi. Nilimwambia mama mdogo kwamba siku ile sikutazama kifuniko, nilitazama gazeti, na kwamba nilipoulizwa nilijibu nisilolijua. Nikamwomba anisamehe. Alinipa fimbo ndefu nisukume kuni upande wangu, nikajua nimesamehewa.

Mama alibaki amesimama. Moshi ulimfuata kila alipohamia. Mimi namjua: angeweza kulima ekari moja kwa jitihada aliyoitumia kufungua zile kanga. Alikitoa kifuniko, akakishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, akasema kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia.

"Mdogo wangu, nimekuja kusema hukukivunja."

Wale wanawake wanne waliangalia moto. Mama mdogo alitoa chungu kimoja kwa fimbo, chekundu bado, akakiweka mchangani. Ndipo akauliza amejuaje. Mama akamweleza habari ya upawa, na duka la Mbinga, na yule mzee wa asili ya Pwani, na la Kichina la waridi, yote kwa undani, na alivyozidi kueleza ndivyo uso wake ulivyofunguka, kama mtu aliyetua mzigo. Alidhani yamekwisha. Hata mimi nilidhani.

Mama mdogo alisubiri mpaka amalize.

"Dada," alisema, "mwenye duka amekuambia siku moja, ukaamini. Mimi nilikuambia siku ileile, wewe ukiwa umekishika mkononi. Miaka yote hii haikuniuma kifuniko. Iliniuma kwamba udongo ndiyo kazi yangu, na hata kwenye udongo hukunisikia."

Mama ana neno kwa kila jambo, na kwa mambo mengine ana mawili. Safari hii alikitazama kifuniko, akamtazama mdogo wake, mvi zake, mikono yenye udongo mpaka kwenye viwiko. Niliogopa kwamba atasema amemsamehe. Kama angelisema, ningeutupa upawa ziwani na kurudi Mbinga kwa miguu.

Badala yake alikunja kitenge chake, akakaa chini mchangani, kwenye majivu, mama yangu ambaye hakai hata kwenye mkeka bila kuukung'uta. Akanyoosha kifuniko juu kumpa mdogo wake.

"Niambie tena," alisema.

Mama mdogo alimpa mwenzake fimbo ya moto. Alijifuta mikono, akakaa mkabala naye, akakipokea. Akamwambia. Alieleza jinsi udongo unavyoachwa usinyae kidogo kabla ya kukatwa, kwa sababu ukikatwa ungali laini sana ukingo unalala, na ukichelewa unamegeka. Alieleza kwamba huyu aliyekata alikuwa na kisu chembamba na mkono usiotetemeka. Alimshika mama kidole cha shahada, akakipitisha ndani ya pengo taratibu, amwonyeshe mahali ule utelezi ulipojikusanya kwenye kona wakati wa moto, tone dogo sana, ambalo mtu anayesugua kwa kokoto angeliondoa kwanza. Aliongea muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea mbele ya dada yake, na mama hakumkatiza hata mara moja.

Alipomaliza, mama alikigeuza kifuniko kwenye jua. Aliupitia ule uzi wa dhahabu kwa ukucha, akazunguka nao pengoni, akatoka nao upande wa pili.

"Na hii dhahabu," akauliza, "wanaipaka kabla ya moto au baada?"

Nilikuwa nasukuma kuni; niliacha. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akimuuliza mdogo wake jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Mama mdogo naye nadhani alilitambua hilo.

"Hilo sasa, dada, silijui," alisema.

Na hilo nalo mama akaliamini.